Magongo chini ya paa

Mwambie mpenzi wa magongo kutoka India kwamba Austria imewahi kuwa bingwa wa dunia wa wanaume, atakuuliza bingwa wa nini, wa kuteleza kwenye theluji? Lakini ndivyo ilivyokuwa. Februari 2018, mjini Berlin, fainali ya Kombe la Dunia la mpira wa magongo wa ndani iliwakutanisha wenyeji Ujerumani na Austria. Muda uliisha wakiwa sare, ikaamuliwa kwa penati, na Austria wakabeba kombe mbele ya wenyeji wao. Nafasi ya tatu ikaenda kwa Iran. Austria na Iran! Kwenye magongo ya nje, yale ya uwanja mkubwa, nchi hizo mbili hazimnyimi mtu usingizi.

Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Dodoma, na kwa vile walimu wa michezo ni wachache, nimeangukiwa pia na timu ya mpira wa mikono ya shule. Magongo ya ndani nayafuatilia kwenye simu, usiku, bando likiruhusu. Niliyakuta kwa bahati tu, nikitafuta video za mpira wa mikono, na swali lililonikaa kichwani tangu hapo ni la jiografia kuliko la michezo: kwa nini hawa?

Jibu liko kwenye kalenda yao. Ulaya ya kati, ikifika Novemba au Desemba, huwezi kucheza magongo nje. Nyasi zimeganda, giza linaingia mapema kabla watu hawajatoka kazini. Ligi ya nje inasimama, wachezaji wanachukua magongo yao wanaingia ukumbini mpaka Februari, kisha masika yakifika wanatoka tena. Wajerumani ndio walioutengeneza mchezo huu miaka ya 1950 kwa ajili ya kumaliza baridi tu, wasikae bure. Baadaye ukawa na sheria zake, ligi zake na mashabiki wake. Mashindano ya kwanza ya mataifa ya Ulaya kwa wanaume yalifanyika Berlin mwaka 1974. Kombe la Dunia lenyewe lilichelewa sana: la kwanza ni la mwaka 2003, Leipzig. Ujerumani wakalichukua hilo, wakachukua la Vienna 2007, wakachukua la Poznań 2011. Uholanzi ndio walioukata mnyororo mwaka 2015, tena hapohapo Leipzig.

Kwa hiyo Austria haikuibuka kwa miujiza. Ni nchi ndogo yenye majira marefu ya baridi na kumbi nyingi za michezo, na watoto wake hukulia ndani ya kumbi hizo. Iran nayo, ingawa sababu zake ni tofauti, ni nchi ya kumbi: kwenye futsal ni wababe wa Asia, na kwenye magongo ya ndani wamekuwa hivyohivyo kwa miaka mingi. India na Pakistan, waliougawana ufalme wa magongo ya nje kwa miongo kadhaa, huku ndani hawajaweka nguvu. Mchezo uleule, gongo lilelile, mpira uleule, ukiuwekea paa unabadilisha wafalme.

Sasa niueleze kidogo, kwa sababu najua wengi hawajauona.

Uwanja una urefu wa meta 36 hadi 44 na upana wa meta 18 hadi 22. Wachezaji sita kila upande, kipa akiwemo, na kikosi kizima ni watu 12 wanaobadilishana muda wowote bila kikomo, kwa hiyo anayeingia huwa anakimbia na anayetoka huwa anahema. Vipindi ni vinne vya dakika kumi. Goli lina upana wa meta tatu na kimo cha meta mbili. Hakuna goli la mbali: lazima upige ukiwa ndani ya eneo la nusu duara lenye meta tisa kutoka golini. Kuna kadi ya kijani pia, inayokutoa nje kwa muda mfupi ukapoe, kitu ambacho ningependa sana kukiona siku moja kwenye ligi yetu ya soka kwa wale wanaomzonga mwamuzi.

Kubwa zaidi ni kwamba hairuhusiwi kuupiga mpira. Kule nje wanainua gongo na kufyatua. Ndani unausukuma tu, gongo likiwa limegusana na mpira au karibu kabisa, na mpira lazima ubaki sakafuni isipokuwa unapofunga goli. Ukiunyanyua kwa bahati mbaya, filimbi.

Sheria hiyo moja ndiyo inayozaa mchezo wote. Kama mpira hauruhusiwi kunyanyuka, basi beki akilaza gongo lake sakafuni, lote, linalokaribia urefu wa meta moja, amejenga ukuta. Huwezi kuuruka. Ndiyo maana ukitazama mechi utawaona mabeki wamechuchumaa chini kabisa, goti moja karibu na sakafu, mkono wa kushoto umeshika juu ya gongo na vifundo vya vidole vinakwaruza mbao za ukumbi. Mkono huo wa kushoto huvalishwa glavu ngumu yenye gamba kwa nje, mkono wa kulia mara nyingi uko wazi. Nilipoona glavu moja moja mwanzoni nilidhani ni mtindo wa vijana, kumbe bila hiyo unatoka uwanjani huna ngozi. Mabeki watatu wakilaza magongo yao kwa mpangilio, upana wote wa katikati umefungwa, na mshambuliaji anabaki na njia moja tu ya kweli.

Njia hiyo ni ubao. Pembeni mwa uwanja, pande mbili za urefu, hupangwa mbao zenye kimo cha sentimeta kumi, uso wake umeinamishwa kidogo kuelekea ndani ili mpira ukigonga urudi chini na usiruke. Hakuna mpira wa kurusha pembeni kama mpira haujauvuka ubao. Mchezaji aliyebanwa hamtafuti mwenzake kwa macho, anautafuta ubao: anausukumia mpira pale, unagonga, unatoka kwa pembe ileile uliyoingilia, na mwenzake ameshafika. Austria walikuwa wakifanya hivi kwa kasi ambayo simu yangu ilikuwa inashindwa kuionyesha vizuri. Mpira unapotea upande wa kulia, unatokea nyuma ya beki, na kamera bado iko pale ulipoanzia.

Halafu kuna habari ya kipa. Timu iliyo nyuma, zikibaki dakika chache, humtoa kipa na kumwingiza mchezaji wa sita wa ndani, goli likabaki tupu. Kwenye soka tunaona kipa akipanda kwenye kona ya dakika ya mwisho na tunasimulia wiki nzima. Huku ni mbinu ya kawaida, inafanyiwa mazoezi, na timu inayojilinda nayo imeshafanya mazoezi ya kupora mpira na kuusukuma taratibu kwenye goli lisilo na mtu. Kwa mtazamaji ni raha tupu. Kwa kocha sijui wanalala vipi.

Kombe hili la Dunia la ndani liliwahi kuja Afrika. Mashindano yaliyokuwa yafanyike Liège, Ubelgiji, yalivurugwa na Uviko mpaka yakafutwa, na yaliyofuata yakafanyika Pretoria, Februari 2023. Ilikuwa mara ya kwanza kutoka nje ya Ulaya. Uholanzi ndio waliotwaa ubingwa wa wanaume. Mwaka 2025 yakarudi Ulaya, Poreč nchini Kroatia, na Ujerumani wakarudi kileleni. Kwa Afrika, mchezo wa ndani uko kusini zaidi, Afrika Kusini na Namibia ndio wenye sauti. Huku kwetu mashariki ni kama haupo.

Nikisema kijiweni kwamba Tanzania imewahi kucheza magongo kwenye Olimpiki, vijana wananitazama kama nimekunywa kitu. Moscow, 1980. Ni Olimpiki ileile ambayo Filbert Bayi alichukua medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji meta 3,000, na Suleiman Nyambui akachukua medali ya fedha ya meta 5,000. Hayo tunayakumbuka. Timu ya magongo hatuikumbuki. Nchi nyingi zilisusia michezo ile, wakiwemo majirani zetu Kenya ambao kwenye magongo walikuwa watu wazito, waliwahi kushika nafasi ya nne kwenye Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971. Nafasi zikabaki wazi, na Tanzania ikawa moja ya timu sita za wanaume.

Matokeo yalikuwa hivi: India 18, sisi sifuri. Hispania 12, sifuri. Wasovyeti 11 kwa 2. Poland 9 kwa 1. Kuba 4 kwa sifuri, na tulipokutana nao tena kugombea nafasi ya tano, 4 kwa 1.

Najua mtu akisoma 18-0 anacheka na kufunga ukurasa. Mimi naomba ayasome tena taratibu. India wale ndio waliochukua dhahabu. Hispania ndio waliocheza nao fainali. Wasovyeti ndio waliochukua shaba, na tuliwafunga mawili, nyumbani kwao. Ilikuwa timu ya watu waliozoea mechi za klabu, wakatupwa katikati ya wanaume wanaokula na kulala magongo. Na ukitazama orodha ya wachezaji wake unaona Tanzania ya mijini ya wakati ule: majina ya Kigoa, yaani ya watu wenye asili ya Goa kule India, na mengine ya Kihindi yamepangana na majina ya Kiswahili. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, mstaafu wa serikali aliyehamia huku kutoka Dar, anasema jioni za Jumamosi walikuwa wanakwenda kutazama bila kiingilio.

“Sisi tulikuwa tunakaa ukutani, kijana wangu,” aliniambia. “Wale Wagoa walikuwa wakicheza, unasikia kok, kok, kok. Mpira huuoni. Unasikia tu.”

Nikamuuliza mbona hakuchukua gongo akacheza na yeye. Akanitazama kama mwanafunzi aliyeuliza swali la kitoto. Gongo angelitoa wapi?

Swali la gongo bado lipo, ila kwa Dodoma kuna swali kubwa zaidi, nalo ni maji. Magongo ya kisasa ya nje huchezwa kwenye nyasi bandia ambazo kwa mechi kubwa humwagiliwa maji mengi kabla ya kuanza, ili mpira uteleze na mchezaji akianguka asichubuke. Shirikisho la dunia lenyewe limeanza kutafuta nyasi zisizohitaji maji hayo, kwa sababu hata nchi tajiri zimeona aibu. Sasa hebu njoo na hoja hiyo Dodoma. Mji unaopata mvua kama milimita 570 kwa mwaka kwa wastani, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Mji unaokunywa maji ya visima vya Mzakwe, na ambao watu wake wamekuwa wakiongezeka kwa kasi tangu serikali ilipohamia kwa vitendo mwaka 2016. Nani atakwenda kwa mkurugenzi kuomba maji ya kunyeshea plastiki?

Na ukiacha maji kuna upepo. Aliyekaa Dodoma Julai na Agosti anaujua. Unafuta meza asubuhi, saa sita unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Tukiwa kwenye mazoezi ya mpira wa mikono kwenye uwanja wa udongo, kuna nyakati tunasimama wote, tumegeuzia migongo upande mmoja, tunasubiri upite. Baridi ya Wajerumani inawaingiza ndani miezi mitatu. Sisi jua na vumbi vingeweza kutuingiza ndani karibu nusu mwaka, na kwa hesabu ya jiografia peke yake tungekuwa taifa la michezo ya ukumbini kabla ya Austria.

Kwani paa hatuna? Dodoma ina kumbi jamani. Kila barabara kubwa ina ukumbi wa harusi wenye jina la kupendeza na taa za rangi. Kuna kumbi za semina, za warsha, za mikutano mikuu ya vyama. Ukumbi wa Chimwaga ulijengwa kwa ajili ya chama kabla Chuo Kikuu cha Dodoma hakijaanza mwaka 2007, leo uko mikononi mwa chuo. Huu ni mji wa vikao, haujawahi kuficha hilo. Tulipojenga paa tuliwawazia watu waliokaa, wanaopeperusha kabrasha kwa sababu feni haifiki nyuma. Wa kukimbia hatukumjengea. Sidhani kuna mtu aliyekaa akaamua hivyo, lakini ndiyo mipango miji tuliyonayo, na mimi nadhani ni makosa.

Kitu kilichonifanya niandike haya ni vipimo. Uwanja wa mpira wa mikono una meta 40 kwa 20. Goli lake lina meta tatu kwa mbili. Angalia tena vipimo vya magongo ya ndani nilivyotaja juu. Ni uleule! Hata ule mstari wa vipande vipande wa meta tisa kwenye mpira wa mikono unakaribiana na nusu duara ya magongo. Hii si ajabu, kwa kuwa michezo yote miwili imekulia kwenye kumbi zilezile za Ujerumani na majirani zake. Uwanja wa kikapu, wenye meta 28 kwa 15, hautoshi. Wa netiboli hautoshi. Lakini mpira wa mikono upo kwenye UMITASHUMTA na UMISSETA, yale mashindano ya shule za msingi na sekondari, magoli yako mashuleni, mistari watoto wanaijua. Kilichopungua ni sakafu, ubao na paa.

Nikaanza na ubao, kwa sababu ndio wa bei nafuu. Mbao zenye sentimeta kumi kwa kumi kwa lugha ya mafundi ni nne kwa nne. Pande mbili za meta 40 ni meta 80, na mbao za paini zinazotoka Mafinga huuzwa kwa futi 12, kwa hiyo unahitaji vipande 11 kila upande, jumla 22. Nilikwenda kwa fundi seremala ninayemfahamu nikamchorea kwenye kipande cha boksi: ndefu, hazisimami juu, hazina misumari, na upande mmoja upigwe randa uiname kidogo tu.

“Mwalimu, hii ni fremu ya nini?”

Nikamweleza. Mpira unakuja, unagonga, unarudi ndani.

“Aa. Mnatengenezea mpira zizi.”

Fundi ni Mgogo wa Bahi, amekulia kwenye ng'ombe, na kwa kweli sijapata maelezo mazuri zaidi ya hayo kutoka kwa mchambuzi yeyote wa Ulaya. Akaniuliza kwa nini tusitumie mabanzi, yale makapi ya magogo, ambayo ni rahisi zaidi. Nikamwambia uso lazima unyooke, mpira ukigonga kwenye gome utakwenda unakotaka wenyewe. Akaelewa haraka kuliko mimi nilivyoelewa nilipoanza kutazama. Tukakubaliana atengeneze upande mmoja kwanza, alipwe kidogo kidogo.

Magongo yenyewe tumeyapata kwa njia ya kienyeji. Wanafunzi walileta matawi yaliyopinda, mengi ya mkwaju, na fundi akayapiga randa upande wa kushoto tu, maana sheria inataka ucheze na upande bapa peke yake, upande wa mviringo ukigusa mpira ni kosa. Ni mazito mno. Mpira halisi wa magongo, wenye gramu 156 hadi 163 na ugumu wa jiwe, sikuthubutu hata kuutafuta, maana watoto hawana vikinga ugoko. Tunatumia mpira wa tenisi uliokwisha manyoya. Unaruka kidogo, lakini kwenye saruji unakwenda.

Kuhusu paa, nilijaribu. Kuna ukumbi mmoja wa sherehe, sitautaja, wenye sakafu nzuri ya terazo na upana wa kutosha, ambao Jumanne na Jumatano huwa mtupu kabisa. Nilimfuata msimamizi na barua yenye mhuri wa shule. Alikuwa mtu wa heshima, akanikaribisha soda.

“Mko wangapi, mwalimu?”

“Ishirini na wanne.”

“Basi viti thelathini vinatosha. Meza kuu mnahitaji?”

Nikamwambia hatuhitaji viti, wala meza kuu, wala spika. Tunahitaji sakafu tu, kwa muda wa saa mbili, na taa tukichelewa. Akarudia kupiga hesabu kwenye kikokotoo, akanionyesha. Bei ilikuwa ileile ya semina, viti vikiwemo, kwa sababu, alisema, viti vimo ndani ya bei, usipovitumia ni uamuzi wako. Halafu akauliza jambo la maana: mpira ukigonga zile taa za kuning'inia nani atalipa? Nikamwambia kwenye mchezo huu mpira hauruhusiwi kunyanyuka. Akatabasamu vile watu wanavyotabasamu wakishaamua.

Kwa sasa tunacheza Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa saruji wa shule ya jirani, saa moja hadi saa tatu, kabla upepo haujaamka. Ubao tunao upande mmoja tu, wa mashariki. Upande wa pili mpira unatoka, mtoto anaukimbilia mpaka kwenye mwarobaini. Wameshagundua wenyewe, bila mimi kuwaambia, kwamba mashambulizi yote yapitie mashariki, na kidato cha pili wana kijana mmoja wa mkono wa kushoto ambaye anaugongesha mpira kwenye ubao na kuuwahi mwenyewe upande wa pili wa beki. Fundi amesema vipande 11 vilivyobaki vitakuwa tayari mwisho wa mwezi, nikimalizia deni la vile vya kwanza.